Baba mkwe alikataa maji yangu, nikadhani ananichukia

Shikamooni wakubwa, wakuu mambo, na nyie kina dada mnaosoma kimya kimya nawaona. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijatia chumvi. Kama una mzee nyumbani, soma mpaka mwisho.

Mwaka jana mume wangu alimtoa baba yake kijijini Kilambo, akaja kuishi nasi hapa Likombe.

Mzee alibeba magunia ya korosho bandarini miaka na miaka. Mtu wa kifua, sauti nzito. Mimi Mmakua, yeye Mmakonde, na nyumbani kwetu ukwe ni ukwe. Simwangalii usoni, naye haniangalii. Tukipishana uani kila mtu anatazama pembeni.

Mwezi wa kwanza freshi tu.

Halafu nikaona glasi ya maji ninayomwekea inarudi imejaa. Chai anaonja. Uji hagusi. Nikamnunulia dafu, akawapa wajukuu.

Jamani niliumia! Nikamwambia mume wangu, "Baba yako hataki kitu cha mkono wangu." Akasema nina maneno mengi.

Basi nikanuna. Nikawa namwekea maji mezani pa!, naondoka zangu. Hapo nilikosea, nakiri.

Mzee naye akaanza kusema anataka kurudi Kilambo. Mume wangu akaninunia kama vile nimemfukuza mimi.

Asubuhi moja nikasikia kishindo uani. Mzee kaanguka, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Nikasahau ukwe wote, nikamshika kwapani nikamwinua. Mwili mkubwa ule ulikuwa mwepesi, wakuu. Niliogopa sana.

Tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali.

Mume wangu ndiye aliyeingia naye ndani. Baadaye daktari, binti mdogo mpole, akatuita wote wawili.

Akasema figo zinachuja damu, uchafu unateremka na maji hadi kwenye kibofu. Ujanani kibofu kinatanuka vizuri, unaweza kuvumilia. Umri ukienda kinapoteza ule uwezo wa kutanuka. Na kwa wanaume tezi dume inakua, inabana njia ya mkojo. Mzee anakwenda, unatoka kidogo, hata hajakaa sawasawa unambana tena. Hata kiu, wazee hawaisikii kama sisi.

"Sasa mzee wenu akaacha kunywa," akasema. "Mkojo ukawa mzito, unamchoma, na maambukizi yakaingia. Tezi tutaipima, dawa zipo. Lakini maji lazima anywe."

Nikauliza, kwa nini hakusema?

Mume wangu akainama. "Baba kaniambia mle ndani. Ni jiko lako, mama Zuhura."

Sasa nisikilizeni. Jiko langu lilikuwa uani, pembeni kabisa ya mlango wa choo. Mimi nashinda pale kutwa. Mzee kila akibanwa, lazima apite mbele ya mke wa mwanawe na kopo lake mkononi. Mara moja sawa. Mara kumi kwa siku? Alidhani namhesabia. Akaona bora asinywe kabisa.

Nililia pale pale kwenye benchi, watu wananiangalia. Miezi yote ile nilijua ananidharau, kumbe alikuwa ananistahi mpaka anataka kufa.

Alilazwa. Siku hiyo hiyo nikarudi nikahamisha jiko, mafiga na bati, nikayaweka mbele ya nyumba. Majirani walicheka, eti huyu anapikia barabarani. Wacheke tu.

Mzee aliporudi, sikumwambia kitu. Nikisikia mlango wa choo unalia, nagonga gonga sufuria ajue niko mbali na kazi zangu.

Siku ya tatu nakuna nazi, nikasikia ile sauti nzito nyuma ya pazia la mlango. Hakujitokeza.

"Mama Zuhura."

"Abee, baba."

Akakohoa.

"Yale madafu... siku hizi hayapatikani?"

Wakuu, nilikwenda sokoni mbio, kanga imening'inia bega moja. Nikarudi na matatu. Yote aliyanywa yeye, wajukuu wakaambulia ile nyama laini ya ndani.

Nilichojifunza: mzee akikataa maji, usinune kama mimi. Mpeleke hospitali, na uangalie njia yake ya chooni inapita mbele ya nani.

Haya, nyie kwenu inapita wapi? Semeni hapa chini, tusioneane haya.