Roho ya Tatu

Nilipochomeka mashine ya zamani ya gemu niliyonunua sokoni Kibiti, vumbi la ndani likaanza kuungua. Harufu ile ile ya utotoni. Muuzaji aliapa haijawahi kutumika. Mende wawili waliotoka ndani wakamuumbua, nikapunguziwa bei.

Gemu lenyewe la kijinga: kijitu kinakimbia, kinaruka mashimo, kina roho tatu, kikifa mara tatu basi. Utotoni tulicheza kwa jirani, mchezo mmoja kwa siku kwa kila nyumba. Siku moja zamu yangu ya kuamia ndege shambani nikamsukumia mdogo wangu.

"Kaa wewe dunguni leo. Roho ya tatu nitakuachia."

"Kweli, dada?"

"Wallahi."

Kutwa nzima alipiga kelele peke yake juu ya kile kichanja cha miti, ndege wasiushukie mpunga. Alipofika kwa jirani jioni, matope yamemkaukia hadi magotini, kioo cha gemu kilikuwa kimeshazimwa. Akafungua mdomo aulize, sauti haikutoka. Yote ilikuwa imeishia kwa ndege. Akaninyooshea kidole kimoja tu: ile roho yake moja.

"Leo kajitu kalikuja na roho mbili," nikamwambia. Nilikuwa nimezihesabu mara mbili: zilikuwa tatu.

Akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono, tukarudi nyumbani.

Leo nimecheza roho mbili, nikaweka padi ya kuchezea chini.

"Mama, imebaki moja," mwanangu akasema.

"Najua. Hiyo si yetu."