Ndoo za Dancan

Dancan alikuwa jirani yetu huku Rashidiya, Dubai, katikati yetu ukuta wa plaiwudi tu. Kwao Murang'a. Alikuwa mlinzi wa ghala Al Quoz, mtu mpole, shati lake la kazi limenyooshwa kila asubuhi. Ungemwona nje ungetamani awe mkwe wako. Mimi nililala karibu na harufu ya ndoo zake.

Alitengeneza muratina, pombe ya asali ya kwao. Tunda kavu la kuichachusha aliletewa na mtu aliyetoka likizo, limefichwa ndani ya soksi. Ndoo alizipata kwa Roselyne wa jikoni, hotelini Deira: ndoo za achari na mayonezi. Kila moja aliipindua kutafuta alama ya glasi na uma.

"Hii ni ya chakula, Mama Justine. Ndoo ya rangi inaua watu."

"Inanuka achari."

"Hicho ni kiungo," akacheka. "Onja uniambie." Nikakataa.

Siku moja alipokwenda kazini nikafunua kifuniko. Povu la kahawia limefika ukingoni, vijinzi vimenasa, na unywele juu yake. Halafu nikaitambua ndoo kwa ufa wake ubavuni. Ndiyo aliyolowekea miguu kwa maji ya chumvi kila aliporudi kutoka kusimama kwa saa kumi na mbili. Alama ya glasi na uma ilikuwepo, sikatai.

Kisha hofu ikaingia. Binti yangu Justine alikuwa na visa ya kutembelea, na ile ya kazi tuliitarajia wiki hiyo. Pombe ya kienyeji huku ni jela, na polisi wakifuata harufu hawatauliza nani kanywa. Nikabeba ndoo zote mbili, nikazimwaga chooni.

Vipande vya tunda vikakwama. Kufikia jioni choo kilikuwa kimerudisha kila kitu, povu na uchafu wa watu kumi na wanne wa nyumba ile, mpaka ukumbini. Khelef, Mzanzibari anayesimamia nyumba, alisimama ameshika kanzu juu.

"Pombe hii ya nani? Semeni, au naita polisi."

Nikamsogeza Justine nyuma yangu. Dancan ndiyo kwanza anaingia kutoka kwenye basi la kampuni. Akatazama maji, akatazama doa la kahawia kwenye gauni langu.

"Yangu, Mzee Khelef. Nimemwaga mwenyewe asubuhi."

"Uzibue, kisha uhame leo. Khalas, imekwisha."

Akakunja mkono wa shati, akauzamisha chooni mpaka kiwiko, akatoa kipande kimoja kimoja kama mtu anayechagua viazi. Nilikwenda kutapika nje, kwenye mapipa.

Akanipita na begi lake. "Ungeniambia tu, Mama Justine. Ningezihamisha."

Visa ya Justine ilitoka Jumapili. Kila Ijumaa nasema nitakwenda kumshukuru Dancan huko alikohamia, na siendi. Naogopa atanikaribisha kikombe cha muratina, na safari hii sitakuwa na uso wa kukataa.