Sista Mipaka na mguu wa mama mkwe

Asubuhi, muuguzi amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha vidonda, kisigino cha fundi cherehani kikiwa mapajani mwake juu ya kitambaa safi. Anaosha kidonda kwa maji ya chumvi, anakikausha, anainama kukinusa. Fundi anageuzia uso ukutani.

"Kinanuka, sista?"

"Inayonuka ni soksi yako. Kidonda hakina neno."

Foleni ya nje inacheka, maana mlango wa chumba hiki haufungi sawasawa.

Hapa kituo cha afya wanamwita Sista Mipaka, na hawakumpa jina hilo kwa kumsifu. Ana miaka kumi na minne kazini, na muda wote huo watu wamemletea presha, watoto wa chanjo, vidonda, hata ugomvi wa ndoa. Mzee mmoja alimletea jino lake kwenye karatasi, akiomba lirudishwe mahali pake. Yaliyo ndani ya leseni yake huyafanya bila kusukumwa. Yaliyo nje huyaandikia rufaa, huku akisema maneno ambayo wagonjwa wamechoka kuyasikia: "Hilo si langu."

"Ukimkuta ana nafasi, atakueleza ni la nani," anasema mlinzi wa getini. "Ukimkuta amechoka, utajijua mwenyewe."

Mwaka jana maneno hayo yalimfuata hadi nyumbani.

Mama mkwe wake ana kisukari. Alijikwaa kwenye kizingiti, akachubuka kidole kidogo cha mguu, asimwambie mtu. Alipofika chumba cha vidonda, ukingo wa jeraha ulikuwa umeshakuwa mweusi. Kuosha na kufunga ni kazi ya muuguzi. Kukata nyama iliyokufa kwenye mguu wa mwenye kisukari hakumo katika yale aliyofundishwa na kupimwa. Akaandika rufaa ya hospitali.

Bibi hakutaka kusikia. Dada yake aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja.

"Kata wewe, mwanangu. Mkono wako naujua, ni mwepesi."

"Mama, hilo si langu."

"Si lako? Mguu wa mama wa mume wako si wako? Undugu ni kufaana, si kufanana!"

Akachukua mkoba wake, akatoka akichechemea mbele ya foleni nzima.

"Niliumia sana," anasema muuguzi. "Wembe ulikuwepo, mkono ninao. Ningeweza kukata nyama mbovu, na ningeweza kukata mshipa. Sikujua kipi kiko wapi. Asiyejua hakati, hata kama ni mama yake."

Mumewe hakugomba. Alianza tu kwenda kula kwa mama yake.

Kila jioni muuguzi alimfuata bibi na mkoba wa bandeji. Aliosha, akafunga, akagusa vidole kimoja kimoja akiuliza kama anahisi. Bibi alimnyooshea mguu bila kumtazama, akazungumza na paka: "Mwambie huyo mgeni anabana."

Halafu jioni moja alibonyeza kidole cha pili, na bibi hakuhisi kitu. Muuguzi akafunga mkoba.

"Mama, simama twende. Sare nimeiacha kazini, leo mimi ni mkweo tu. Nitalala sakafuni kando ya kitanda chako. Na hakuna atakayekata kitu kabla hajatueleza anakata nini na kwa nini. Kufaana ndiko huku."

Walikwenda hospitali. Chini ya ule weusi usaha ulikuwa umeshafika mfupani. Daktari wa upasuaji aliondoa kidole kimoja, mguu ukabaki.

Bibi hajasamehe yote. "Kidole changu anacho yeye," anasema, akiinuka mwenyewe kwenda jikoni kuleta chai. Mume amerudi kula kwa mkewe.

Sasa Sista Mipaka yumo katika mafunzo ya vidonda vya kisukari kwa wauguzi wa vituo vya afya. Darasa amelimaliza. Kilichobaki ni kukata mbele ya msimamizi, kwa mgonjwa aliyeridhia mwenyewe, kisha kupimwa. Akifaulu, kazi hiyo itaingia rasmi katika majukumu yake.

"Nataka mtu akija na kidonda cha namna ile, nisimpe karatasi ya kwenda mbali wakati yeye anaogopa," anasema. "Nimpe kiti."

Mgonjwa wa kuanza naye amepatikana. Ni mama mkwe, ambaye ana kidonda kidogo kilichozungukwa na sugu kwenye unyayo wa mguu wa pili. Alijitolea bila kuombwa, kwa sharti moja.

"Akate tu, ndio anajifunza," anasema bibi, akishusha kikombe. "Lakini huyo msimamizi asitoke chumbani, hata kwenda kujisaidia. Huyu mtoto bado hajapimwa."