Cherehani Iliyochagua Uzi

“Halali! Uzi nimeununua dukani mchana kweupe, mwenye duka akaufunga kwenye gazeti mbele ya macho yangu, halafu wewe uniambie si halali? Umekuwa polisi?”

“Uzi huu hautambuliki,” ilijibu cherehani kwa sauti yake ya kike, laini kama imepakwa mafuta. “Tafadhali tumia uzi halali wa kampuni.”

Mama Pindo aliizaba kofi la ubavuni. Kofi lenyewe lilimuuma yeye.

“Usiipige, dada, mimi nina kichwa huku chini!” Aliyesema hivyo ni fundi redio wa chumba cha pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi juu ya sikio, wapo wanaoapa kwamba alizaliwa nayo na mkunga akapiga kelele. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, kifuniko cha cherehani kikiwa mapajani mwake. “Utaamua leo, au nirudi nikizeeka?”

“Umeshazeeka. Subiri.”

Ukutani zilining’inia sare za shule zisizo na mikono, kama watoto waliokatwa mabega. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Uzi wa kampuni, ule wenye kidude cha kuutambulisha kwenye kigurudumu chake, umekwisha madukani kote, na cherehani haikubali mwingine.

Zamani Mama Pindo hakuombwa kibali na chombo. Alikuwa na cherehani ya pedali, na kwa cherehani hiyo aliwahi kupunguza suruali ya mtu huku mwenyewe amesimama ndani yake, asimguse hata unywele. Aliyechomwa sindano ni jirani aliyekuja kucheka. Kisha binti yake wa pekee, mwenye kazi ya ofisini upande wa pili wa mji, akamletea hii ya umeme inayoongea. Akaisajili kwa simu yake mwenyewe, maana mama hataki simu za kioo. Ile ya pedali akamgawia muuza vyuma vikuukuu. Akambusu mama shavuni, akasema atarudi wiki ijayo.

Wiki hiyo ilirefuka ikapita misimu miwili ya mvua. Zilikuja salamu tu, kupitia kwa watu. Na chumba kile kikawa kimya, kimya cha kumsikia mchwa akimeza mate.

Ndipo akaanza kuongea na cherehani. Kila akiiwasha asubuhi ilimuuliza, “Habari za asubuhi. Umelalaje?” Na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimuuliza amelalaje. Basi akaijibu. Akaieleza habari za goti lake la kushoto linalomlilia usiku. Kesho yake cherehani ikamwambia, “Pole kwa goti. Kampuni inapendekeza dawa yake ya kuchua.” Mama Pindo akafurahi, akadhani ameonewa huruma. Ilipoanza kumtajia dawa hiyo kila akitia sindano, ndipo akaelewa kwamba maneno yake yana mahali yanapopelekwa.

Mwingine angenyamaza. Yeye akaamua kuwapoteza njia hao wanaomsikiliza. Aliiambia kwamba amefuga mamba bafuni. Ikamtangazia chakula cha mifugo. Aliiambia kwamba anaolewa na mzee mmoja mrefu, mrefu wa kuinama akipita chini ya nyaya za umeme, mwenye mizinga ya nyuki mia na meno yake yote. Cherehani ikampa hongera, na Mama Pindo akacheka peke yake hadi akaketi chini.

Jioni moja tu aliiambia ukweli. Alisema, “Mwanangu haji.” Ikamjibu, “Samahani, sijaelewa.”

“Nieleze tena,” alisema sasa, akikunja na kukunjua ukingo wa kitambaa.

Bisibisi akashusha pumzi. “Waya huu ndio unaokagua uzi. Nikiukata, utashonea hata uzi wa kushonea viatu. Lakini sauti nayo wameipitisha humu humu. Inakufa. Na kampuni haitaitengeneza tena, watasema mmeifungua wenyewe.”

“Hivi hii cherehani nimepewa au nimeazimwa?”

“Umepewa chuma, dada. Akili yake bado ni yao.”

“Na wanayajua yangu yote.”

“Yote uliyoyasema. Wanampelekea nani habari hizo, sijui. Labda aliyeisajili.”

Mama Pindo hakulisikia hilo vizuri. Alikuwa anaitazama taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikipepesa mbele ya cherehani kama jicho la mtu anayesubiri hadithi iendelee.

“Asubuhi nitaulizwa na nani nimelalaje?”

“Mimi niko nyuma ya ukuta tu.”

“Wewe unakoroma. Wewe ndiye sababu ya mimi kulala vibaya.”

“Basi nitauliza nikijua jibu.”

Mama Pindo akazitazama sare. Akasogeza kiti karibu na cherehani, akaiinamia kama mtu anayemnong’oneza mgonjwa. “Yule mzee wa nyuki,” akaiambia, “hayupo. Hakuwahi kuwapo. Hakuna mtu humu.”

“Samahani,” ikaanza cherehani, “sija—”

“Kata,” akasema Mama Pindo.

Koleo ikalia tik. Taa ya kijani ikazimika. Mama Pindo akakanyaga swichi ya mguuni, na sindano ikakimbia juu ya uzi wa dukani, ikashona bega zima bila kutoa neno. Alishona huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

“Si umeona?” alisema Bisibisi, akijitahidi kunyanyuka na kushindwa, magoti yamekufa ganzi. Akamshika Mama Pindo mkono ili ajivute. “Sasa mimi na wewe, dada, tukae tuzungumze lile jambo la—”

Mlango ukasukumwa. Binti alisimama kizingitini, anahema, viatu vya ofisini mkono mmoja, simu mkono mwingine. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na keki ya harusi ya ghorofa tatu.

“Mama,” alisema, akimtazama fundi aliyepiga magoti na mkono alioushika. “Wiki nzima kampuni ya cherehani inaniletea matangazo ya harusi yako. Ndiye huyu?”

Mama Pindo akaigeukia cherehani, kama mtu anayetafuta shahidi.