Aliyesimama Kando ya Bwawa

Kutoka Kalemie hadi Butembo nilitumia siku kumi na moja. Nilipanda meli ya mizigo hadi Uvira, basi hadi Bukavu, boti hadi Goma. Barabara ya Rutshuru ilikuwa haipitiki, kwa hiyo nilizunguka kupitia Uganda na kuingia tena nchini pale Kasindi, nimekaa juu ya magunia ya chumvi ya Mwislamu mmoja wa Beni, mwenye lori. Kwenye kila kizuizi askari walifungua begi langu refu na kutoa miguu mitatu ya kusimamishia kamera.

"Hii chuma ni ya nini?"

"Ya kamera, chef."

"Kamera gani inasimamaka kama mbuzi?"

Mwenye lori alinilaza kwake Bungulu siku tatu. Asubuhi ya kuondoka alinifungia begi mwenyewe, akaifunika ile miguu kwa blanketi. "Apa Beni," akasema, "mutu akikuona na chuma mu giza ya asubui, atazani ni bunduki, atasimama tu kama muti, ao atakimbia. Hapana atakuulizia."

"Na Butembo?"

"Butembo bataulizia. Bataulizia mpaka utachoka."

Niliondoka Lubero nikiwa na miaka kumi na tisa, na diploma ya shule mfukoni, na tangu hapo sikukaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Mama alikufa nikiwa mbali. Mdogo wake, anayeishi Vuhovi, kando ya Butembo, alinitumia ujumbe kwamba chumba kipo na kwamba mtu hawezi kuzeeka kwenye meli. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Kwa mara ya kwanza nilikwenda mahali nikiwa na nia ya kubaki.

Kalemie nilikuwa nimejifunza kupiga picha za ziwa kabla jua halijatoka. Vuhovi hakuna ziwa. Kulikuwa na bwawa la tilapia la mama mdogo, chini ya mikaratusi, lenye bomba la mwanzi la kutolea maji. Nililipenda tangu siku ya kwanza. Alfajiri ukungu ulilala juu yake na baridi iliuma vidole. Nilisimamisha kamera kwenye matope ya ukingo, nikaacha jicho lake wazi nusu dakika, nikashika pumzi. Katika muda huo maji hulainika kama shuka iliyopigwa pasi, na ukingo hujitokeza jiwe kwa jiwe, hata pale ambapo macho yako yanaona weusi mtupu. Kinachotembea hakibaki. Mwanamke akipita na bidoni lake la maji, picha haimjui.

Samaki wale walikuwa na kazi yao. Mama mdogo alikuwa amewalisha mwaka mzima kwa ajili ya siku ya kutoa matanga ya mume wake: misa, halafu chakula kwa watu wote waliomlilia. Mlinzi wa bwawa, zamu kama tunavyosema, alikuwa kaka yake, mjomba wangu, aliyelala kwenye kibanda kando ya maji. Alikuwa mtu wa utani. "Huyu mutoto wa dada anatembeaka na miguu tano," aliwaambia majirani. "Mbili ni yake, tatu ni ya mashini."

Walicheka, lakini walinitazama. Mkubwa wa nyumba kumi alikuja kuniandika kwenye daftari lake la wageni, akarudi baada ya wiki, akaniandika tena. Aliniuliza maswali yale yale, kwa mpangilio mwingine. Nami nilianza kuwahesabu walionitazama. Nikitoka alfajiri, mlango wa jirani wa kwanza ulikuwa wazi kidogo. Nikirudi, ulikuwa umefungwa.

Bwawa lilikaushwa siku ya Jumatano, siku tatu kabla ya misa. Majirani walikuja na vitunga, kama desturi, kusaidia kuokota. Mjomba alifungua bomba. Maji yalishuka polepole, na kwenye tope lililobaki tuliona samaki wa ukubwa wa kidole, wengi, wakirukaruka. Wakubwa hawakufika hata kitunga kimoja.

Halafu mkubwa wa nyumba kumi akanigeukia. "Papa fotografe. Weye ndiyo unakuyaka apa kila asubui. Onyesha mapicha."

Niliwaonyesha kwenye kioo cha kamera. Maji. Ukungu. Mawe. Maji. Mama mmoja jirani akasogeza kichwa.

"Ile siku ya mvua nilipita mbele yako. Nikakusalimu wavukire, ukaitika. Mimi niko wapi?"

Nilieleza. Nusu dakika, mwendo, mwanga. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyorudi nyuma.

"Donc, ni kusema mashini inaondoaka batu," akasema mkubwa.

"Inaondoa wanaotembea."

"Basi na mwizi imemuondoa." Hakuwa anatania. "Miye nitajua namna gani kama haiko weye unamufichaka? Lete foto yenye iko na mutu. Kama hapana, siku ya mungu, kesho yake ya misa, nisikukute tena huku."

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa ameinama, anaokota vile visamaki kimoja kimoja.

Jioni nilifunga mlango na kupitia picha zote, hata zile nilizoziona mbaya na kuziacha. Katika moja, upande wa pili wa bwawa, karibu na bomba, kulikuwa na mtu. Siku ile sikumwona kwa macho. Kamera, kwa kukaa wazi, ilimkusanya kutoka gizani. Uso haukusomeka, ila koti la mjomba, lile refu la mvua la rangi ya njano, lenye mkono uliochanika, lilikuwa wazi, na kitunga mkononi, ukingo wake uking'aa kwa maji.

Nilikumbuka maneno ya mwenye lori. Mjomba aliniona na chuma changu alfajiri, akafanya jambo ambalo watu wa huku wamezoea kufanya tangu miaka mibaya: alisimama kama mti. Kama angetembea tu kwenda zake, picha ingemfuta kama wengine wote.

Na bado sikujua. Mlinzi kushika kitunga kando ya bwawa analolilinda si kosa. Nilijiambia hivyo mara nyingi, kisha nikaikuza tena picha ile kutazama kitunga.

Asubuhi nilimkuta mama mdogo jikoni akimenya viazi. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika kamera kwa mikono miwili.

"Iko koti ya marehemu," akasema. "Nilimupatia mimi." Akatazama mlangoni. "Umeonyesha nani?"

"Wewe tu."

"Kitunga iko na kitu?"

"Foto haioneshi."

Alitazama tena, muda mrefu, mpaka kioo kikazimika chenyewe akaniomba nikiwashe.

"Miye niko na ndugu mumoja," akasema. "Matanga itapita, batu batakula sombe na maharagi. Lakini nikisema jina yake pale mbele ya batu, nani atanizika?" Akanirudishia kamera. "Futa."

Nilifuta. Akaomba aone kwamba haipo. Nikamwonyesha maji, maji, maji. Akachukua kisu na kuendelea na viazi.

Misa ilifanyika Jumamosi. Hakuna aliyekataa sombe, na hakuna aliyekaa karibu nami. Jumapili mkubwa wa nyumba kumi alikuja na daftari lake. Mama mdogo alimkuta mlangoni kabla sijatoka.

"Mugeni anaenda leo," akamwambia.

Alisema mugeni. Mkubwa akachora mstari kwenye daftari, na mlango wa jirani, kwa mara ya kwanza, ulikuwa wazi kabisa.

Mjomba ndiye aliyenibebea begi refu mpaka barabarani, penye moto, pikipiki ya kunipeleka mjini. Kulikuwa na manyunyu. Alivaa lile koti. Alitania kwamba miguu mitatu ni mizito kuliko miwili. Dereva alipokuwa anafunga begi kwa mpira, mjomba alisogea karibu.

"Kule pa mayi," akasema kwa sauti ya chini, "uliniona siku moja?"

"Kamera ile haionake batu, mjomba."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa bei. Hakuniambia nirudi, na sijarudi. Moto ilipofika kwenye kona niligeuka. Alikuwa bado pale kando ya barabara, mikono imeshuka, amesimama bila kutingishika, mpaka mlima ukamficha.