Kutu Niliyoifuta kwa Kidole

Mwenzangu nilimleta mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hapa Garsen hudhani alikuja kuniingilia. Tulijifunza ufundi pamoja Malindi tukiwa vijana, kwa fundi mmoja mkali sana, tukalala chumba kimoja miaka mitatu na kuazimana ovaroli. Baadaye mimi nikafungua gereji Garsen, kando ya barabara, naye akarudi kwao Kilelengwani kutengeneza pikipiki na pampu za mashambani. Mto ulipofurika ukamsombea banda na vifaa vyote, nilimpigia simu nikamwambia, "Njoo. Uwanja wangu ni mkubwa, tutafanya kazi pamoja."

Nilimaanisha kila neno. Mwezi wa kwanza tulicheka kama zamani. Mwezi wa pili nikaanza kuona kwamba wateja wakiingia langoni huangaza macho huku na huku, na wakishamwona yeye ndipo wanatabasamu. Mke wangu alikuwa akituletea chai saa nne. Miaka yote kikombe cha kwanza kilikuwa changu. Siku moja alimmiminia mwenzangu kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Nilijua ni kwa sababu hiyo tu. Hata hivyo chai yangu niliiacha ikapoa, na mke wangu aliponiuliza kama ninaumwa, nikamwambia sukari imezidi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa fundi mzuri. Mteja akieleza shida ya gari lake, mwenzangu humsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kana kwamba hajawahi kusikia habari ya breki katika maisha yake. Mimi mteja akifika katikati ya maneno nimeshafungua boneti.

Basi, kulikuwa na mama mmoja wa Kisomali, mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Nanighi. Alikuwa mteja wangu tangu nilipofungua gereji. Gari lake ni la kuvuta kwa magurudumu yote manne, la zamani, lenye ekseli nzito mbele, na aliliendesha mwenyewe, katika matope na katika mchanga, mbuzi nyuma na buibui lake limefungwa vizuri kiunoni. Nilikuwa nikijivunia kwamba mkono wa fundi mwingine haujaligusa gari lile.

Alikuja asubuhi moja amekasirika.

"Fundi, gari hii inataka kuniua. Nikifika sabini, nikigonga shimo kidogo tu, usukani unapiga huku na huku, wallahi siwezi kushika. Mpaka nisimame kabisa ndiyo inanyamaza."

Nikalipandisha kwa jeki, nikayashika magurudumu ya mbele moja moja na kuyatikisa, juu na chini, kushoto na kulia. Sikuona kitu. Nikabadilisha matairi, ya nyuma yakaja mbele. Nikafunga pia shokamzoba mpya ya usukani, ile ndogo inayolala mbele ya ekseli kuzuia usukani usipigepige. Tukalijaribu, likatulia kama mtoto aliyeshiba. Akaenda zake ameridhika.

Wiki mbili baadaye alirudi. Mtetemo ulikuwa umerudi, tena mkali zaidi. Sasa najua kwamba ile shokamzoba mpya ilikuwa imeuficha ugonjwa tu, haikuutibu. Lakini siku hiyo nilibaki nimesimama, nikajikuna kichwa. Mama yule akanitazama, kisha akamtazama mwenzangu aliyekuwa amelala chini ya pikapu pembeni.

"Mwachie rafiki yako aangalie," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma sana.

Mwenzangu akatoka, akajifuta mikono, akanitazama mimi kwanza. "Unaruhusu, ndugu yangu?"

"Kwa nini nisiruhusu?" nikamjibu, nikacheka kwa sauti.

Akamsikiliza yule mama kwa muda mrefu. Akauliza linatetemeka kwenye lami au kwenye vumbi, likiwa na mzigo au tupu, kona ipi. Kisha akaenda dukani kununua grisi, na mama akaenda kuswali Dhuha. Nikabaki peke yangu na gari.

Sikuwa na nia ya kutafuta kitu. Nilikuwa nimekasirika tu, nikainama mbele ya bampa kama mtu anayemtazama mbwa aliyemuuma. Gari lilikuwa chini, limesimama kwa uzito wake wote. Hapo nikaona kile kisichoonekana gari likiwa juu ya jeki, ekseli ikining'inia. Kuna chuma kirefu kinachokingama mbele, kutoka kwenye chesi, yaani fremu ya gari, upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili, kazi yake kuzuia ekseli isihame kwenda kando. Kwenye bolti ya mwisho wa chuma hicho palikuwa na vumbi jekundu laini, kama pilipili ya kusaga. Kutu ya namna hiyo hutoka mahali ambapo chuma kinasagana na chuma. Nikapitisha kidole gumba, nikaifuta. Chini yake bolti ilikuwa inang'aa. Tundu lake lilikuwa limeliwa, limekuwa kama yai.

Nilikuwa nimeupata ugonjwa. Ningeweza kusimama na kuita. Badala yake nilisikia viatu vya mwenzangu kwenye kokoto, nikanyanyuka haraka, nikaenda kujishughulisha na betri ya lori.

Sitajitetea. Nilitaka ashindwe. Nilitaka ashindwe mbele ya yule mama, waziwazi, halafu mimi nije nionyeshe kwa kidole. Siku nzima nilimtazama akifungua magurudumu ya mbele hadi kwenye vifundo vinavyoyageuza usukani ukizungushwa, akitoa beringi za juu na chini, akizisafisha kwa petroli, akizipaka grisi kwa kiganja na kuzikaza tena kwa kipimo. Ilikuwa kazi safi, na kweli beringi moja ilikuwa imelegea kidogo. Kila alipoipita ile bolti, niliiacha betri nikatazama. Mara mbili kivuli chake kilipita juu yake. Hakuiona, kwa sababu gari lilikuwa juu ya jeki, na kutu ambayo ingemwonyesha nilikuwa nimeshaifuta.

Alasiri akasema, "Hebu tulijaribu gari. Twende wote."

Nikapanda kiti cha nyuma. Mama alikaa mbele kando yake. Najua mtu atauliza: ulipandaje gari unalojua litatetemeka? Wivu haukunipa nafasi ya kuogopa. Nilikuwa na hamu.

Tukashika barabara ya kwenda Hola. Hamsini, kimya. Sitini, kimya. Mama akaanza kutabasamu, akasema, "Mashallah." Mwenzangu akanitazama kwenye kioo kwa furaha ile ya Malindi, ya zamani tulipofaulu kuwasha injini iliyowashinda wakubwa. Nikageuza uso dirishani.

Kwenye sabini na kitu gurudumu lilipiga ukingo wa kiraka cha lami. Usukani ukamponyoka. Gari zima likaanza kupiga kichwa kushoto na kulia, dashibodi ikigonga, mama akiita jina la Mungu. Na mbele yetu ng'ombe walikuwa wakivuka, kundi zima, na mchungaji wa Kiorma katikati yao ameinua fimbo. Mwenzangu hakukanyaga breki kwa pupa. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaachia mafuta, akaliacha gari lipungue lenyewe, akalipeleka nje ya lami. Tulisimama kwenye nyasi. Ng'ombe wa mwisho alipita karibu na boneti, akaendelea na safari yake.

Mwenzangu akazima injini. Halafu akamgeukia mama, akasema, "Samahani, mama. Nimeshindwa. Mwenye kulijua gari hili ni huyu, mimi nimekuja juzi."

Ndiyo maneno niliyokuwa nikiyasubiri tangu asubuhi. Nilipoyapata sikuyataka.

Nikashuka. Nikalala kwenye nyasi mbele ya gari, nikamwambia, "Washa, halafu geuza usukani kidogo tu, kushoto, kulia." Akageuza. Ile bolti ikaruka ndani ya tundu lake, tak, tak, hata mama aliyekuwa ameshuka na kusimama kando aliisikia. Akapiga makofi. "Si nilisema? Fundi wangu ni huyu!"

Mwenzangu akaja akalala kando yangu atazame. Chesi yote ilikuwa imefunikwa vumbi na matope makavu, isipokuwa pale kwenye bolti, ambapo palikuwa na alama ya kidole gumba, pana, iliyofuta kutu. Akainuka, akajipangusa nyasi. Tulirudi Garsen mwendo wa punda, tukapeleka kile chuma kwa mchomeleaji, tundu likajazwa na kutobolewa upya, tukafunga bolti mpya na bushi mpya ya mpira. Tangu siku ile gari halijatetemeka tena.

Mama alipoondoka, mwenzangu aliosha mikono, akaikausha taratibu.

"Uliiona asubuhi," akasema.

"Niliiona."

"Na ukapanda nyuma."

"Nikapanda."

Nilingoja anitukane. Alitikisa kichwa tu, akaanza kupanga spana zake kwenye ndoo, za kwake peke yake, zangu akizitenga vizuri. Wiki hiyo hiyo alihamia Hola. Mke wangu alimfungia chakula cha njiani, na usiku ule alilala amenigeuzia mgongo bila mimi kumweleza kitu. Baadaye nilimweleza. Akasema, "Yule mtu alikuwa akikusifu mpaka jikoni kwangu. Nilichoka kumsikia."

Ni miaka kadhaa sasa. Nimemwomba radhi kwa simu, na tena uso kwa uso, nilipokwenda kumzika mama yake Kilelengwani. Alinishika mkono, akasema yamekwisha, na naamini upande wake yamekwisha kweli. Huniletea wateja wanaokuja huku kusini, nami huwapeleka kwake wanaokwenda Bura. Gereji yake ni kubwa kuliko yangu, ina sakafu ya saruji na paa jipya. Mwezi uliopita dereva mmoja alinisimulia jinsi fundi wa Hola anavyosikiliza. Alisimulia kwa muda mrefu, nami nilimwacha amalize, mikono nyuma, huku kifuani pananichoma palepale pa zamani.