Nilimwambia Wifi, Sikuiambia Nchi

Msinielewe vibaya. Haki za wanawake nazitaka, tena nazitaka sana. Kipande cha chai ninachochuma hapa Kawetele kina jina langu kwenye karatasi, na jina hilo halikuandikwa kwa upole. Mume wangu alinuna wiki mbili. Aliyenitia moyo nibishane naye ni dada yake mwenyewe, wifi yangu, ambaye kila Jumapili saa kumi jioni hukaa kwenye televisheni na kope zake za bandia akiwaambia wanawake wa nchi nzima waamke. Nilimwamini mtu yule. Nilimwamini kuliko mchungaji, Mungu anisamehe.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mke hamsogelei baba mkwe. Tunaita ukutila, yaani kumwogopa. Humtazami usoni, humsalimii, hukai naye chumba kimoja. Ukimwona njiani unaingia shambani mpaka apite. Vijana wengi wa siku hizi wameacha, lakini baba mkwe wangu ni mtu wa zamani, na mimi niliolewa nikakuta hivyo, nikashika. Miaka kumi na minne nilimjua mzee yule kwa kikohozi chake na kwa makoti yake niliyokuwa nafua. Mama mkwe alishafariki. Nilipika mimi, binti yangu akapeleka chakula kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya migomba. Sikuwa naumia. Wanaosema niliumia hawakuniuliza.

Asubuhi moja ya mvua, mume wangu yuko safarini na lori la ndizi, binti yuko shule, nikasikia mzee anaugulia. Nikaita majirani, wote wamekwenda msibani Lufingo. Nikasimama nje ya mlango wake nalowa, najisemea, we mwanamke, utasimama hapa na mila yako mpaka akufie? Nikaingia. Alikuwa sakafuni, tumbo limemharibikia, amejichafua, na aliponiona akafunika uso kwa mkono. Nikaleta maji, nikamwosha, nikambadilisha nguo, nikamkokota hadi barabarani tukapata bajaji ya kwenda hospitalini Igogwe. Njia nzima mimi naangalia kushoto, yeye kulia. Dereva akatuuliza kama tumegombana.

Alipona. Hatukusema neno juu ya siku ile, wala mila hatukuiacha. Ila akaanza kukohoa kwa makusudi kabla hajafika kwenye kona ya njia, ili nipate nafasi ya kusogea taratibu na mzigo wangu badala ya kukurupuka. Siku nyingine nilikuta chane ya ndizi mbivu mlangoni pa jiko. Na mara moja, kutoka nyuma ya migomba, nikasikia, "Ndaga fijo." Asante sana. Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kunipa, na nilikaa chini nikalia kama mjinga.

Krismasi wifi akaja. Tuko jikoni tunamenya ndizi, nikamsimulia yote. Ningemwambia nani mwingine? Hata mume wangu nilimwambia nusu tu. Huyu ni baba yake, huyu ni mwanamke mwenzangu, na ndiye aliyekuwa akituhimiza tusikae na mambo moyoni. Alilia, akanikumbatia na mikono yake imejaa utomvu.

"Wifi," nikamwambia, "hili linabaki hapa hapa jikoni."

"Jamani wifi! Mimi wa kukusaliti wewe?"

Sasa Jumapili nyumbani kwetu zilikuwa hivi: televisheni tunaigeuza itazame dirishani, mzee anakaa kibarazani na wazee wenzake wawili watatu wanaangalia kwa nje, mimi niko jikoni nasikiliza sauti tu. Binti yake akitokea tu, namsikia anawaambia wenzake, "Huyo wangu." Kila Jumapili, kama vile wamesahau.

Mwezi wa pili, Jumapili moja, nikasikia, "Leo nawaletea shujaa. Ni wifi yangu mwenyewe, kule kwetu Rungwe." Nikaacha kukoroga. Akaeleza mila, watu wa studio wakaguna. Akaeleza ninavyokimbilia migombani, wakacheka, na mimi nilikuwa radhi wacheke waishie hapo. Hawakuishia hapo. Akasema sakafu. Akasema maji, akasema nguo, akasema baba yake mzazi alikuwa amejichafua. "Siku hiyo," akapaza sauti, "wifi yangu aliuangusha mfumo dume!" Wakapiga makofi.

Kibarazani nikasikia kigoda kinaburuzwa, na mzee mmoja akisema taratibu, "Twendeni, mvua inakuja." Mvua yenyewe wala haikuwepo.

Jioni ile ile simu ikaita.

"Wifi! Umeona? Watu wanalia huku, wanataka kukujua!"

"Nilikuambia wewe," nikamwambia. "Sikuiambia nchi."

"Lakini sikumtaja mtu jina."

"Kwani una baba wangapi?"

Akanijibu, kwa ile ile sauti ya kipindi, kwamba nimezoea mno kukandamizwa, ndiyo maana najali heshima ya mwanaume kuliko yangu. Nikamkatia simu. Kukandamizwa! Mimi niliyeingia mlango ule kwa miguu yangu, hakuna aliyenituma? Nilichagua kuingia na nilichagua kunyamaza, halafu yeye, anayelipigia kelele kila Jumapili suala la mwanamke kujichagulia, akanichagulia. Makofi akachukua yeye, aibu akamwachia baba yake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Na lawama, ngoja niseme ukweli, lawama nyingine ni yangu, maana mdomo uliotoa siri kwanza ni huu hapa.

Tangu siku ile mzee hakuja kibarazani. Binti yangu alipeleka chakula, akarudi nacho nusu. Alhamisi natoka shambani na kapu la majani ya chai mgongoni, kwenye kona ya njia nikakutana naye ana kwa ana. Nikageuka niingie migombani kama ilivyo wajibu wangu, nikakuta ameshaingia yeye. Mzee wa umri ule, na goti lake bovu, amejibana nyuma ya mgomba mwembamba usiomficha hata nusu, koti amelivuta usoni, anangoja mimi nipite.

Nilitaka kumwomba radhi. Lakini mila inanikataza kusema naye, na safari hii sikuthubutu kuivunja. Nikapita.